Waya ya Kurudisha

Siku munganga wa meno aliponifunga waya mdomoni, aliyeshtuka kuliko wote chumbani hakuwa mimi mwenye meno. Alikuwa baba.

Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye kiti, damu imenikauka kidevuni, nikitazama koleo likiingia kinywani mwangu kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Munganga, Mubelgiji mrefu mwenye mikono ya kunuka sabuni kali, alipitisha waya nyembamba ya shaba ya manjano nyuma ya meno yangu mawili ya mbele, akaizungusha kwenye meno ya jirani ambayo hayakuwa na kosa lolote, akazisokota ncha, krik, krik, akakata. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia yake ya kazi ameishika mbele ya tumbo. Alifuata kila mzunguko wa ile waya kwa macho. Kazi ilipokwisha, akauliza polepole:

"Bwana Munganga, hiyo waya tutairudisha siku gani?"

Munganga alikuwa ananawa, maji yanapiga kelele kwenye beseni. Akajibu bila kugeuka, kwa Kiswahili chao kile cha kuamrisha:

"Mimi mwenyewe itaondoa. Mupaka siku ile, chunga yote safi."

Basi. Mateso yangu yote yalitoka pale.

Asiyejua depo ya reli ya Kamina hawezi kumwelewa baba. Kazi yake ni kusafisha mashine za gari la moshi, hasa sehemu za shaba: bomba, bilula, pete za taa. Pale depo kila kitu ni cha kuazimwa. Asubuhi unapewa koleo, jioni unalirudisha, na mkubwa wa kizungu anapitisha kidole juu yake, kisha anakinusa kile kidole. Kutu ikionekana, ole wako. Baba amekaa miaka na miaka katika maisha ya kurudisha vitu. Hata nyumba tunayolala ni ya kampuni, na mama anaifagia kama vile kuna kidole kinakuja. Sasa mtu wa namna hiyo ameona mzungu akitoa waya kwenye kisanduku chake na kuitia katika mdomo wa mtoto mwenye sifa ya kupoteza hata viatu. Angelala vipi?

Jinsi nilivyopata ule msiba, nitasema haraka kwa sababu hainipi heshima. Shuleni kwetu kuna Furere mmoja, mtawa mwalimu, anayeendesha baiskeli huku kanzu yake ameibana katikati ya magoti, mgongo wima, pua juu, kama mtu anayebeba yai kichwani. Mimi ninajua kumwiga. Wenzangu walipokuwa wanatoka nilipanda baiskeli ya mtu, nikabana shuka magotini badala ya kanzu, nikainua pua. Kwa vile pua ilikuwa juu, reli sikuiona. Gurudumu liliingia katika njia ya gari la moshi, nami nikaibusu reli kama watu wanavyobusu pete ya askofu.

Wenzangu walicheka mpaka walipoona damu. Halafu wakanyamaza kidogo. Halafu wakacheka tena.

Walikuwa na haki yao. Mimi njo mwenye kuwapa watu majina darasani. Jirani yangu wa benchi nilimwita Kuku-ya-Mvua, kwa sababu ya shingo yake, na mpaka mama yake mzazi siku hizi anamwita hivyo. Hakuna aliyepona. Kwa hiyo jina langu lilikuwa tayari limechongwa linangoja: Mapengo. Munganga alisema meno yametoka nusu katika ufizi. Waya ikiyashika imara mpaka yaote tena nguvu, yatabaki. Waya ikilegea, yatatoka. Nilielewa vizuri sana. Nikiyapoteza meno yale, nitaitwa Mapengo mpaka kaburini, na sitaweza kusema "Asifiwe" bila kurusha mate.

Nyumbani nkambo, mama mzaa baba, alikuwa ameketi anachagua kisamvu. Nikafungua kinywa nimwonyeshe. Akaachia majani yote yakaanguka.

"Vidye wami!" akamwita Mungu wake. Akashika mdomo wangu kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye mwanga kama anapima samaki wa Kinkondja. "Banakufunga meno na kamba sawa mbuzi?"

"Ni waya, nkambo. Ili yasitoke."

"Yasitoke! Minyi walinitosha haya mbili ya chini nikiwa kijana." Akanionyesha lile pengo lake la meno waliyomng'oa kwa mila, ambalo nimelijua tangu kuzaliwa. "Tulipeleka kuku kwa yule mwenye kututosha. Bantu baliimba. Njo nikakuwa muzuri, njo babu yako akaniona. Na weye unapata bahati ya kuanguka ya bule, unaenda kwa muzungu akurudishie?"

"Nkambo, yangu ni ya juu."

"Hm." Akafikiri kidogo. "Juu hapana muzuri. Lakini mutu anazoea."

Hivi ndivyo nilivyofarijiwa.

Mwanzoni nilisafisha kinywa kama munganga alivyosema: burosi laini aliyotupa, na sabuni kidogo. Sabuni ni chungu, lakini sikufa. Shida ilikuwa waya yenyewe. Baada ya siku chache ile rangi yake ya dhahabu ilianza kufifia, ikawa kahawia, ikawa nyeusi kwenye mikunjo. Mimi sikujali. Nilikuwa na shughuli ya kujifunza kula bukari, ugali wetu, bila kutafuna, na kutoa miiba ya samaki iliyonasa kwenye waya kwa kutumia ulimi. Lakini asubuhi moja baba, kabla ya kwenda kazini, akanisimamisha mlangoni palipo na mwanga.

"Weye, fungula kinywa."

Nikafungua.

Sijawahi kumwona baba na uso ule. Hata siku moto ulipoteketeza jiko letu la majani hakuwa hivi. Akavuta pumzi. "Hii nini?"

"Waya, tata."

"Ni nyeusi! Umefanya nini waya ya bantu?"

"Nimekula nayo tu."

"Ameacha waya inang'aa, weye unataka kumurudishia kutu? Unataka aseme ku kwetu tunakaa sawa banyama?"

Hapo nilidhani anatania. Baba hatanii. Jioni alirudi kutoka depo na ndimu katika mfuko wa kaputula, akaomba chumvi kwa mama na majivu jikoni, akafunga kitambaa kwenye ncha ya kijiti. Ndivyo wanavyong'arisha shaba kule kazini wakikosa dawa ya kopo. Na ajabu ya maajabu, nkambo, ambaye hajawahi kukubaliana na baba hata kuhusu upande jua linakochomoza, akatoka nje na bangili yake ya mukuba, yaani shaba nyekundu, mkononi kuunga mkono.

"Njo vile," alisema. "Ndimu na majivu. Tazama hii, iko na umri kuliko baba yako, na inawaka."

Nikakalishwa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nkambo alishika kichwa. Baba akasugua. Nani amewahi kuona jambo hili, mtu mzima mwenye akili anamsugua mwanawe mdomoni kama bilula ya gari la moshi? Ndimu ilikuta vidonda vya ufizi, nikapiga kelele, mbwa wa jirani wakajibu. Baba hakusikia. Alikuwa ameingia kazini. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande, kisha akapitisha kidole juu ya waya. Halafu, na Mungu ni shahidi wangu, akakinusa.

"Sasa ni muzuri," akasema.

Waya iliwaka kweli. Shuleni Kuku-ya-Mvua alifumba macho akajifanya amepofuka. "Bandugu, jua limeingia darasani!" Nikamjibu kwamba kuku wa mvua akiona jua lazima ashangae. Nilifurahi kidogo, nisiseme uongo. Kwa siku chache nilikuwa mtu pekee Kamina mwenye kinywa cha dhahabu.

Lakini kila jioni kinu kilipinduliwa. Nikaanza kuonja kitu kama sarafu tangu asubuhi mpaka usiku. Uji ulikuwa na ladha ya sarafu, maji pia. Kisha waya ikabadilika: haikuwa nyeusi tena, wala ya manjano. Ilikuwa nyekundu-nyekundu, rangi ya ufizi, kama vile kinywa changu kilikuwa kinaimeza. Nkambo alifurahi. Alisema imekuwa mukuba kamili, shaba yenyewe ya kwetu, na ule umanjano ulikuwa uongo wa wazungu. Baba akasugua zaidi.

Siku ya mkosi tulikuwa katika somo la dini. Furere alinisimamisha nitaje dhambi kubwa. Nikaanza vizuri na kiburi, nikafika kwenye ulafi, mate yakanijaa, nikageuka dirishani kuyatema. Mate yale yalikuwa ya kijani! Kijani kama majani ya maboga. Yalitua juu ya mchanga wa uwanja, na darasa zima likaona.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Hata Kuku-ya-Mvua alitoa macho. Furere akafanya ishara ya msalaba. Basi mimi, ili niokoe hali, nikasema, "Furere, nafikiri ulafi ndiyo huo umetoka." Kicheko kikalipuka, nami nikacheka nao kwa nguvu, na katikati ya kicheko nikasikia tik.

Kitu kidogo tu. Tik. Ncha ya waya ikaingia katika mdomo wa juu kama sindano. Nikagusa meno kwa ulimi, na meno yangu mawili ya mbele, ambayo yalikuwa yameanza kutulia, yakaenda mbele na nyuma kama mlango wa choo cha shule.

Nililia mbele ya watu wote niliowapa majina. Tuliache hilo.

Munganga aliponiona aliitoa ile waya vipandevipande. Kipande kimoja alikikunja kati ya vidole na kikavunjika kama kijiti kikavu. Uso wake ukawa mwekundu kuliko waya.

"Nani anakula waya yangu?" akapiga kelele. "Nani?"

Waya yangu! Nilimtazama baba. Macho yake yaliniambia: Umesikia? Amesema yake.

Baba akaeleza: ndimu, chumvi, majivu, kitambaa. Alieleza kwa heshima, jinsi mtu anavyoeleza kazi aliyoifanya vizuri. Munganga alikaa. Sidhani katika Ulaya yote kuna mtu aliwahi kumwambia maneno hayo.

"Ndimu," akasema mwisho, "inakula shaba. Na meno pia. Hapana ndimu. Hapana! Burosi na sabuni. Ninafunga mara moja ingine. Ikikatika tena, mimi inatoa meno."

Akanifunga waya mpya. Ya zamani akaiacha juu ya meza. Tulipotoka, nilimwona baba akivikusanya vile vipande kimoja kimoja, akavifunga katika kitambaa chake cha pua, akaweka kifuani. Nilidhani ni ukumbusho.

Njiani nikafikiri yameisha. Baada ya siku chache waya mpya nayo ikaanza kufifia, na jioni nikakuta kinu kimepinduliwa. Juu ya jani la mgomba kulikuwa na unga mwekundu wa tofali lililosagwa.

"Tata! Munganga alikataza!"

"Alikataza ndimu," baba akasema. "Tofali hakukataza."

Niliruka ua. Nilikaa kwa jirani, mfanyabiashara mmoja wa watu wa Maniema, mzee wa kofia nyeupe anayeuza kitambaa na karafuu, mpaka giza likaingia. Yeye alinisikiliza habari yote, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanipa mswaki wa mti. Nilipoujaribu, nyuzi zake zikanasa kwenye waya, nikakaa nazo mdomoni kama paka aliyekula ndege.

"Baba yako hasikii maneno," akaniambia. "Yeye ni fundi. Mupe kitu ashike."

Nikaiba. Nasema bila haya kwa sababu ilikuwa kwa ajili ya meno yangu. Baba alipokuwa kazini nilifungua kitambaa chake cha pua, nikatafuta vipande vya waya vilivyokuwa bado vizima vizima, vile vya nyuma ambako kijiti chake hakikufika. Nikaomba kwa mama makopo ya sadini. Kipande kimoja nikakitia katika kopo la maji ya ndimu na chumvi. Kingine katika maji ya sabuni. Kipande cha tatu sikukitia majini. Kila siku nilikisugua kwa tofali na kitambaa, kwa kadiri ile ile ya baba. Nkambo alikuwa ananitazama kila asubuhi nikichungulia makopo yangu nyuma ya nyumba.

"Unapika nini?"

"Waya, nkambo."

"Bantu ba leo," akasema, akaenda zake.

Wakati huo wote kila jioni nilikuwa na hila mpya: tumbo linauma, niko na sala, Furere ameniita. Baba alikuwa ananitazama mdomo tukila, akishusha pumzi kama mtu anayeona mali yake inaungua ng'ambo ya mto.

Jumapili baada ya misa nikampangia vile vipande juu ya jani, mbele yake. Sikusema neno, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulima. Akavitazama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kile kilichosuguliwa kwa tofali, kwa sababu ndicho kilichong'aa.

"Hii njo ya nguvu," akasema.

"Kunja, tata."

Akakunja. Katikati kilikuwa kimekonda kama uzi, kikakatika. Akachukua kile chekundu cha ndimu. Hakikungoja hata kukunjwa, kikavunjika pah. Kikabaki kile cha sabuni, cheusi, kibaya, kama kitu kilichotoka kwenye tope. Alikishika kwa kinyaa. Akakikunja huku, akakikunja kule. Akakisokota. Kikakaa.

Baba aliweka vipande chini taratibu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba padri ana mke.

"Ile muchafu," akasema, "njo nguvu?"

"Njo nguvu, tata."

"Na zile nilisugua?"

Nkambo, ambaye nilifikiri amelala kwenye mkeka, akavua bangili yake ya mukuba, akaitazama kwa ndani, pale ilipokonda, akaivaa tena.

Nisidanganye kwamba baba alitulia. Alikipindua kinu kikae wima, mama akatwanga humo mihogo kama zamani, lakini kila asubuhi mlangoni aliniambia, "Fungula," akatazama ile waya nyeusi, akasema, "Aye, aye, aye," akaenda kazini mtu mwenye huzuni. Wiki nzima kabla ya siku ya munganga hakula vizuri. Mama alimuuliza kama mkubwa wake amemfukuza. Akasema, "Sivyo. Lakini minyi nitasimama mbele ya muzungu na kintu muchafu."

Siku ilipofika mvua ilikuwa imenyesha. Baba alivaa shati la misa. Munganga akanilaza, akaingiza koleo, tik, tik, akavuta. Nilifunga macho. Niliogopa sana kugusa meno kwa ulimi, kwa sababu yakicheza, basi, jina langu lilikuwa linaningoja uwanjani. Munganga akayashika kwa kidole akayasukuma. Jino la kushoto imara. La kulia imara, ila lilikuwa limegeuka rangi, kijivu kidogo, kama jino la mtu mwingine. "Hili limekufa, lakini litakaa," akasema. "Vizuri sana."

Ile waya nyeusi, ile iliyomnyima baba usingizi, munganga aliiangalia? Hata kidogo. Aliitupa katika ndoo, pamoja na pamba zenye damu.

Baba akatoa sauti. Siyo neno. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kitambaa cha pua, akakifungua juu ya meza: vipande vyote vya waya ya kwanza, vyekundu, vilivyovunjika, na hata vya majaribio yangu, vimepangwa kwa urefu.

"Na hizi, Bwana Munganga. Ile ya kwanza. Hakuna iliyopotea."

Munganga alivitazama, akamtazama baba. Nafikiri hakuelewa. Akavifagia kwa upande wa mkono, vikaanguka katika ndoo juu ya vingine.

Watu wengi walishtuka katika habari hii. Hakuna aliyeshtuka kama baba pale mbele ya ndoo. Alibaki na kitambaa kitupu mkononi. Alitazama ndoo, akatazama kisanduku cha munganga ambamo kulikuwa na bunda zima la waya, nene kama mkono wangu, waya ya kufunga meno ya Kamina yote mpaka Luena. Alivaa kofia yake. Tukatoka.

Tulitembea mpaka tulipovuka reli, pale pale nilipoibusu. Akasimama. Nikajua sasa ninapigwa, ingawa sikujua kwa kosa lipi.

"Fungula kinywa," akasema.

Nikafungua. Hakuna waya ya kutazama tena. Akanishika kidevu, akainamisha kichwa upande kama anavyofanya na bilula, akatazama muda mrefu, kama vile ni mara ya kwanza kuona kilichokuwa nyuma ya ile waya.

"Yote mbili iko," akasema.

"Iko, tata. Moja ni la majivu."

"Hiyo hapana kitu." Akapitisha kidole juu ya meno yangu, polepole, la kwanza, la pili. Safari hii hakukinusa. Akakifuta kwenye shati lake la misa, tukaendelea na njia.

Darasani wananiita Majivu. Nimewaruhusu.